Ng'ombe Aliyepita Redioni

Wadogo zangu mnaokichukua kipindi changu cha redio, Saa ya Ngurumo, salamu kwanza.

Nimestaafu. Chekeni mmalize, halafu tuendelee. Najua mstaafu wenu ana miaka kumi na tisa na mama yake bado anamuuliza kama amenawa mikono. Lakini kazi hii nimeifanya tangu darasa la tisa, na sasa naanza chuo cha uuguzi, Jumamosi zangu zimechukuliwa. Kiti ni chenu, maiki ni yenu, na yale makasha ya santuri yanayonuka kabati la bibi ni yenu pia.

Nawaandikia kwa sababu mnanijua. Mkikaa watatu mbele yangu mkaniangalia, nitaangalia viatu vyenu na kusema "sawa". Redioni nimeongea miaka na miaka. Ana kwa ana bado sijaanza.

Mzee Hank mnamjua kama yule babu anayelala kwenye kochi la studio na kuamka mkikosea tu. Sasa jueni nani analala pale. Ujanani, kule Buffalo, alikuwa mtangazaji wa rock and roll ambaye wasichana walimsubiri nje ya kituo katikati ya theluji. Jina lake la hewani lilikuwa Hank Mvua ya Mawe. Picha nimeiona: nywele zimesimama kama amepigwa shoti, suruali imembana, anatabasamu kama mtu aliyeiba keki na hajutii. Kutoka Buffalo akahamia Columbus, kutoka Columbus akaja hapa Louisville kwa ajili ya mke, na hapa akatangaza mpaka kituo kiliponunuliwa na watu walioweka kompyuta mahali pake. Kompyuta haijawahi kusubiriwa na msichana yeyote kwenye theluji. Hayo ni maneno yake.

Ananisimulia mara kwa mara habari ya theluji iliyomfungia kituoni Buffalo. Barabara zote zilizibwa, mwenzake wa zamu hakuweza kufika, basi akakaa hewani peke yake. Watu wakawa wanapiga simu: mwambie mke wangu nimelala kiwandani, mwambie mama yake fulani mtoto yuko kwa jirani, anakula. Hank akawa anasoma ujumbe mmoja, anapiga wimbo mmoja, ujumbe, wimbo, mpaka jiji zima likajua nani yuko wapi. Aliponisimulia mara ya kwanza nilimwambia, "Mzee, hizo ni salamu. Sisi tunazo." Akaniuliza salamu za redio ni nini. Nikamweleza jinsi bibi yangu kule Uvira alivyokuwa anasikia jina lake redioni na kukaa wima kitini wiki nzima. Hank akafikiri kidogo. "Basi kazi unaijua," akasema. "Imebaki kuongea."

Hapo ndipo penye shida.

Mimi kituoni sikwenda kutangaza. Mwalimu wangu wa Kiingereza aliona sijawahi kufungua mdomo darasani, akanituma baada ya shule kwenye redio hii ya mtaa, alikoishia Mzee Hank, "ukabebe santuri tu." Hiyo "tu" ya walimu muiogope. Siku moja sauti ya Mzee Hank ilikauka katikati ya kipindi. Akanisukumia maiki, akaonyesha kwa kidole: sema. Niseme nini, na kwa Kiingereza gani? Nikageuka nikautazama ukuta, nikasema kwa Kiswahili, "Jamani, mzee wa watu sauti imekwenda. Tumsikilize huyu anayepiga gitaa kama anafukuzwa na nyuki, mzee anywe maji."

Nyuma ya kioo Wamarekani watatu waliitikia kwa vichwa wakitabasamu. Hawakuelewa hata neno. Nikajisikia vizuri ajabu, kama nimefungiwa kwenye chumba ambacho hakuna anayeniona. Nikaendelea. Nikamsema mwalimu wa hesabu. Nikamsema jirani yetu anayekaanga samaki alfajiri mpaka koti langu la shule linanuka soko. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba nusu ya mtaa wetu wa Iroquois inaelewa Kiswahili.

Jioni ile ile jirani aligonga mlango na sahani imefunikwa. "Mwambieni yule mtoto wa redio aonje kwanza," alisema, "halafu aseme vizuri."

Nilionja. Jumamosi iliyofuata nikasema vizuri. Ndivyo kazi ilivyoanza, na ndivyo Hank alivyonibatiza Binti Ngurumo, maana mvua ya mawe haiji bila ngurumo. Mpaka leo natangaza nikiwa nimetazama ukuta. Mkiona pale ukutani rangi imechubuka kwa urefu wa macho yangu, msipake. Ni ofisi yangu ile.

Mambo madogo ya kazi kabla sijasahau. Kunyweni maji, msinywe soda, soda inarudi juu wakati wa matangazo ya misiba na hakuna wa kumuomba msamaha. Santuri ishikwe pembeni, kwa viganja, kama mnavyoshika sufuria ya moto. Ukikosea, usiseme "samahani" mara nne, msikilizaji alikuwa hajatambua. Hank aliwahi kuweka santuri kwenye mwendo wa polepole kwa bahati mbaya, kule Columbus, na mwimbaji kijana mwenye sauti ya kengele akatoka akinguruma kama fahali. Hank hakuguna. Alitangaza kwamba maskini mwimbaji ana mafua makali. Wasikilizaji wakaleta asali kituoni. Anasema alikula asali ile mpaka majira ya joto.

Sasa tuje kwenye kizingiti, maana hapa ndipo nilipokaribia kuiharibu ndoa ya dada yangu.

Wimbo wa rock and roll una mlango. Gitaa linaanza, ngoma inaingia, halafu mwimbaji anafungua mdomo. Pale anapofungua mdomo Hank anapaita kizingiti. Mtangazaji anaongea juu ya gitaa na ngoma, na anatakiwa amalize neno la mwisho palepale kizingitini. Akimaliza mapema anaacha shimo. Akichelewa, mwimbaji anamkanyaga. Hank akifanya hivyo kwa Kiingereza ni kama mtu anayeruka kwenye basi linalotembea: hali ya hewa, saa, jina la wimbo, hop, mwimbaji huyo.

Haya, jaribu kwa salamu zetu. Wimbo unakupa sekunde kumi na tano, na mkononi una mama mmoja wa Highview anayemsalimu mume wake aliye kazini Jeffersontown, mchungaji na mama mchungaji, shemeji zake wote walioko Buffalo, mama mkwe, na "wote wanaonifahamu bila kumsahau Riziki mdogo." Huwezi kumkata mama mchungaji. Huwezi kumwacha shemeji. Mwimbaji naye hana habari, anakuja tu.

Kipindi kilikuwa kimeanza kusikika kwenye simu kwa intaneti, kwa hiyo Columbus na Buffalo nao wakaingia, na WhatsApp yetu ikawa inalia kama kuku wa sikukuu. Katika hao wa Columbus alikuwemo Amani, mchumba wa dada yangu mkubwa, Yaya Mapendo kama tunavyomwita nyumbani. Familia yake ilikuwa inajiandaa kuja Louisville kutoa mahari. Kwa kuonyesha heshima, Amani alinitumia salamu za wazee wake wote, amewapanga kama wanavyopangwa kwao, mdogo kwanza, mkubwa mwisho. Wa mwisho kabisa alikuwa baba yake mkubwa, Tonton Byamungu wa Buffalo. Baba yake Amani alishafariki, kwa hiyo Tonton ndiye mkubwa wao na ndiye msemaji wao. Zamani alikuwa préfet, yaani mkuu, wa shule ya sekondari Uvira. Sasa anafua mashuka ya hoteli Buffalo, lakini préfet ni préfet.

Nilichagua wimbo ninaoupenda kuliko yote, ule wenye utepe mwekundu kwenye jalada. Nikaanza vizuri. Baba mdogo huyu, baba mdogo yule, shangazi, mama mkubwa. Gitaa linakimbia, mimi nakimbia. "Na kwa heshima zote, aliyekuwa préfet, mzee wetu Tonton Bya..."

Mwimbaji wa wimbo ule haanzi na neno. Anaanza na ukelele, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka na maiki ikiwa wazi.

Jumatatu tukiwa mezani simu ya Papa ililia, akaiweka sauti ya juu ili aendelee kula.

"Papa Mapendo, muko wazima?"

"Tuko, mukwe. Na nyinyi?"

"Sisi tuko. Bon. Ile Jumamosi ya kuja kwenu, vijana watakuja. Miye nitabaki."

Papa akaacha tonge hewani. "Mutabaki namna gani? Nani atasema?"

"Redio itasema. Redio yenu inajua kusema."

"Mukwe, ile ilikuwa muziki tu."

"Sina hasira. Donc, waliita wazee wote ndani, miye nikafungiwa mlango kwenye uso. Na hapa kwa jirani watoto wananiita Tonton Byawuuu. Watoto, Papa Mapendo. Jana kwa kanisa, mmoja ya chorale alinisalimia vile vile. Mwanamuke muzima."

Mdogo wangu Junior alitoka mbio kwenda kucheka bafuni. Papa alinitazama. Mimi nilitazama mchuzi.

Mnajua mila. Bila msemaji hakuna mazungumzo, bila mazungumzo hakuna mahari, na bila mahari Papa hatoi binti, hata ukumbi wa Highview uwe umeshalipiwa. Yaya Mapendo hakunifokea. Aliingia chumbani tunakolala wote wawili, akatoa nguo zake kabatini, akazikunja upya moja moja, akazirudisha, akazitoa tena. Ningefurahi kama angenifokea.

Jumamosi iliyofuata nilijaribu kurekebisha. Nilitafuta santuri isiyo na mwimbaji kabisa, gitaa mwanzo hadi mwisho, nikamsalimu Tonton Byamungu peke yake, na vyeo vyake vyote, na shule, na mashuka nikayaita "sekta ya hoteli". Nilijiona nimeweza. Baada ya kipindi akapiga simu kituoni, Hank akanipa mkono wa simu kama anayenipa nyoka.

"Mtoto wangu, asante," Tonton akasema. "Lakini sasa umeniharibu zaidi. Umenisalimia peke yangu kama mutu aliyelilia. Salamu ni kati ya watu. Mutu anaitwa kwa mustari wake."

"Nifanye nini, Tonton?"

"Wimbo ule ule ulionimeza, unitapike. Na wale wazee wote, na miye mwisho, pale pale. Ukiweza, nitakuja."

Akakata.

Nikaanza mazoezi. Nilisema wale wazee nikiosha vyombo, nikisubiri basi la shule, nikipiga mswaki. Junior alinipimia kwa simu yake, na kila mara alinijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba bado sana. Nikisema haraka, majina yanashikana na shangazi anakuwa baba mdogo. Nikisema vizuri, ukelele unanikuta kwa mama mkubwa. Hakuna mzee wa kupunguza, na wimbo hauna mlango mwingine.

Mama alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowahudumia, akanikuta jikoni nimelalia meza. Akavua viatu. "Na huyo mwimbaji hawezi kungoja?" akauliza. "Mwambie angoje kidogo. Wakubwa wanasalimiana."

Nilimpelekea Hank maneno hayo kama kichekesho, nikamtafsiria. Hakucheka. Alinyanyuka kwenye kochi, jambo ambalo halifanyi kabla ya saa kumi jioni, akaenda kwenye mashine ya santuri na kuweka kidole juu ya kitufe cha mwendo.

"Columbus," akasema. "Mafua."

Akakishusha. Gitaa langu nililolipenda, lile la kukimbia, likaanza kutembea kama mtu mnene anayepanda ngazi. Mmm-booo, mmm-booo. Ngoma ikaingia nyuma yake kwa kwato. Nikaanza kusema wazee, taratibu, kila mmoja na jina lake lote, na nilipofika kwa Tonton bado kulikuwa na nafasi ya kupumua. Kilichobaki ni kidole. Kabla tu ya ukelele lazima kitufe kipandishwe, la sivyo mwimbaji naye ananguruma na tunamtukana mzee mara ya pili. Ukipandisha mapema, mlango unafungika. Tulifanya hivyo mpaka kidole changu kikaota sugu na mlinzi wa jengo akaja kuuliza kama tunafuga.

Jumamosi tuliyokuwa tayari, Yaya Mapendo alikuja studio. Hakuwahi kuja kabla. Alikaa kwenye kochi la Hank na mkoba magotini kama yuko kwa daktari. Nikautazama ukuta wangu. Gitaa likaanza, mmm-booo. Baba mdogo. Baba mdogo. Shangazi. Mama mkubwa. "Na kwa heshima zote, aliyekuwa préfet, mzee wetu, msemaji wetu, Tonton Byamungu wa Buffalo."

Kidole juu.

Ukelele ukatoka safi kama filimbi, wimbo ukaruka, ukakimbia kama kawaida yake, na nyuma yangu nikasikia mkoba umeanguka chini. Yaya alikuwa amesimama anacheza, yeye na koti lake. Hank alikuwa anacheza mabega tu, magoti yalishastaafu. Mimi nilibaki natazama ukuta nikicheka mpaka hedifoni zikanitoka.

Simu ya Buffalo ilikuja kabla wimbo haujaisha.

"Nimesikia," Tonton akasema. "Lakini niulize. Ile ilikuwa ng'ombe?"

"Gitaa, Tonton."

"Hapana. Miye nimekua na ng'ombe. Ile ilikuwa ng'ombe." Akakata tena. Huyo mzee hajawahi kumaliza simu na mtu.

Siku ya mahari alikuja. Koti la suti, fimbo ambayo haihitaji, na shati lililopigwa pasi kama hoteli. Ukumbi ulijaa, wao upande wa kushoto, sisi kulia. Mimi na Hank tulikuwa nyuma ya spika kubwa na mashine ya santuri, Hank kavaa tai yenye jogoo. Msemaji wetu alikuwa Papa Safari, rafiki wa Papa kazini, ambaye anaweza kubishana na mlango. Wakapimana maneno vizuri, mbuzi huku, blanketi kule, watu wakicheka, mpaka wakafika kwenye ng'ombe.

"Donc," Tonton Byamungu akasema, akisimama polepole, "ng'ombe ya kwanza mulishaipokea."

"Ng'ombe gani?" Papa Safari akauliza. "Miye nimeangalia parking, naona Toyota tu."

"Ilipita redioni. Jumamosi, saa kumi na kitu. Buffalo tulisikia ikitoka, Columbus wakasikia ikipita, nyinyi hapa ikaingia. Miji tatu ni mashahidi."

"Tulisikia sauti. Mkia hatukuona."

"Nani ananunua mkia? Kama munabisha, mwite yule mtoto aliyeifungulia mlango. Aseme mwenyewe kama haikufika."

Watu wote wakageuka. Wadogo zangu, watu wengi hivyo wakigeuka pamoja, upepo unausikia. Nikisema ilifika, Papa amepoteza ng'ombe kwa mdomo wa binti yake. Nikisema haikufika, nimemfungia Tonton mlango mara ya pili, na safari hii akiwa ameshavaa suti. Nikatafuta viatu vya kuangalia. Hank hakuelewa hata neno, lakini alinielewa mimi. Akanishika mabega, akanigeuza nikatazama pazia, akanitia maiki mkononi.

Pazia lilikuwa la bluu. Lilifaa.

"Wazee wangu," nikasema, "ng'ombe alifika. Alikuwa na sauti nzito, na alitembea kwa heshima."

Upande wa kushoto ukaanza kupiga vigelegele. Kulia nikamsikia Papa Safari akiguna.

"Ila hakukaa," nikasema. "Ukimgusa kidogo tu, anakimbia."

Nikateremsha sindano. Mmm-booo, mmm-booo. Nikaacha kila mtu amsikie. Halafu, kidole juu.

Ukelele ukajaa ukumbi wa Highview na wimbo ukachomoka mbio. Wamama wa pande zote mbili wakasimama bila kuulizana.

"Si mumeona?" Papa Safari akapaza sauti juu ya gitaa. "Ng'ombe ya kukimbia haihesabiwi."

Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka, lakini niligeuka, nikawaona wote, na sikufa. Tonton Byamungu alikuwa ameegemea fimbo anacheka machozi yanamtoka. "Bon," akasema. "Bon, bon. Tutaleta ingine, ya kusimama." Akaitupa fimbo kwa Amani, akatoka katikati kucheza. Préfet anajua rock and roll, wadogo zangu. Magoti yote mawili.

Yaya Mapendo sasa anaishi Columbus, na kila Jumamosi anasikiliza akipika. Mzee Hank anawasubiri kwenye kochi. Mleteeni asali, atajifanya hapendi.

Kwenye kasha la tatu kutoka dirishani mtaikuta santuri ile yenye utepe mwekundu. Msiipige ovyo, na msiiazimishe mtu. Siku mtakayoipiga, ianzeni polepole, mwacheni ng'ombe apite mlangoni kwa nafasi yake, na jina la Tonton Byamungu litangulie ukelele. Buffalo wanasikiliza.